Gonga Tatu

Katika idara ya maji ya kaunti walimwita Sikio, na jina lilimkaa. Alikuwa na chuma kirefu chenye kikombe cha mbao upande wa juu. Ncha anaiweka juu ya bomba, kikombe anakibana sikioni, anafumba macho katikati ya barabara, magari yanampigia honi, madereva wanamtukana, yeye wala habari hana. Baadaye anafumbua jicho moja na kusema, "Linavuja mbele ya mlango wa kinyozi." Wanachimba, na kweli. Wakubwa waliwahi kununua mashine yenye skrini ili wamstaafishe mapema. Mashine ikawapeleka uwanja wa shule, wakachimba siku mbili, wakapata kiatu. Chuma cha Sikio kikarudishwa kazini siku ya tatu.

Sasa kuna jambo la kazi hii ambalo usipolijua hutanielewa. Wanaoshuka kwenye bomba la majitaka hawashuki peke yao. Mmoja huwa chini na nyundo, mmoja hubaki juu na nyundo yake. Redio za mkononi hazishiki humo, na ukipiga kelele sauti inakurudia mwenyewe. Kwa hiyo wanagonga. Aliye chini hugonga moja kila baada ya dakika: nipo. Wa juu hujibu moja: na mimi nipo. Kazi ikiisha, wa juu anagonga tatu: panda. Na aliye chini, hata akiona nini, hapandi mpaka asikie tatu, kwa sababu chemba nyingi, yale mashimo ya kushukia, ziko katikati ya barabara na wa juu ndiye anayesimamisha magari. Kuna aliyewahi kutoa kichwa kabla ya kuitwa, na basi lilikuwa linapita. Sisemi zaidi.

Mdogo wake Sikio, kitinda mimba wa mama yao, alikuwa fundi wa majitaka. Wote walimwita Kitinda hata alipoota mvi za kwanza. Alikuwa mtu wa kushika amri mpaka anaudhi. Miaka kumi na minne iliyopita alishuka chemba namba tisa, Sikio akabaki juu. Mvua ilikuwa inanyesha kwingine, huko vilimani, na pale jua linawaka. Maji yalikuja kwa ghafla na kujaza chemba mpaka mdomoni. Kitinda hakuonekana tena, si mzima, si maiti.

Sikio aliwaambia wachunguzi, "Niligonga tatu. Hakujibu." Msimamizi wao aliyaandika maneno hayo kwa mkono wake mwenyewe. Mama naye aliambiwa hayo hayo. Ukweli ni kwamba Sikio alikuwa ng'ambo ya barabara, kibandani, ananunua sigara na kupiga soga. Dakika kumi tu, jamani. Siku hiyo hiyo akaacha kuvuta, na watu wakamsifu kwa moyo wake wa chuma. Kila walipomsifu alitamani ardhi immeze.

Mama sasa alikuwa na miaka themanini na ushee. Macho yamekwenda, akili inakuja na kukatika kama umeme. Ikija, swali lake lilikuwa moja.

"Ulimgongea mdogo wako?"

"Nilimgongea, mama."

"Tatu?"

"Tatu."

Hapo Sikio hutoka nje kama mwenye shughuli.

Basi baraza la kaunti likakaa, likanywa chai, likapitisha. Bomba la zamani la majitaka lifungwe lote, lijazwe zege mwanzo hadi mwisho, na mabomba mapya yaunganishwe siku hiyo hiyo. Ili majitaka yasishuke, maji safi ya mtaa mzima yatafungwa kuanzia alfajiri mpaka kesho yake. Watu walilalamika, lakini dua la kuku halimpati mwewe. Tena baraza likaweka sharti: kabla zege halijamwagwa, kila chemba isikilizwe, na msikilizaji atie saini fomu kwamba bomba ni tupu. Msikilizaji alikuwa mmoja tu katika kaunti nzima.

Chemba namba tisa iliachwa ya mwisho. Saa nne asubuhi lori la zege lilikuwa limeshafika, pipa lake linazunguka. Mhandisi alikuwepo, binti mwenye buti za manjano na adabu zake. Msimamizi wa siku ile alikuwepo pia, amezeeka, amebakiza mwezi mmoja astaafu. Mfuniko uliwekwa kando. Sikio akapiga goti, akashusha chuma mpaka kwenye bomba, akafumba macho.

Moja.

Alidhani ni lori. Akaomba lizimwe, likazimwa. Akahesabu polepole mpaka sitini.

Moja.

Jasho likamtoka mgongoni, na asubuhi ilikuwa ya baridi. Panya hagongi kwa kuhesabu. Maji nayo hayasubiri dakika ipite. Alihesabu tena, akiomba kisitokee kitu, na kilitokea pale pale kwenye sitini.

"Vipi, mzee? Tupu?" mhandisi akauliza. "Wiki iliyopita tulipitisha kamera humu, hakuna kitu. Matope tu."

"Subiri kidogo, binti yangu."

Akachukua nyundo, akagonga moja kwenye chuma. Jibu lilikuja hapo hapo, bila kungoja dakika. Lilikuja kwa haraka, kwa furaha, na ile furaha ndiyo iliyomtisha kuliko chochote. Nipo! Bado nipo!

Msimamizi alikuwa amegeuka anamtazama. Yeye hakusikia chochote kutoka chini, ila alijua moja ya juu maana yake nini. Na Sikio akaelewa amebanwa wapi. Akitia saini na kunyamaza, zege litashuka, na mtu anayengoja kuitwa atangoja ndani ya jiwe milele. Akigonga tatu mbele ya mtu huyu, atakuwa amekiri kwamba siku ile hakugonga. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na yeye maradhi yake aliyaficha ndani ya jalada la serikali, kwa mwandiko wa mtu aliyesimama mbele yake.

Alilia. Nisikufiche, mtu mzima yule alilia kwa sauti, amepiga magoti barabarani. Kisha akainua nyundo.

Moja. Mbili. Tatu.

"Sikio," msimamizi akasema taratibu. "Unamwita nani?"

"Yule niliyemwacha. Sikugonga siku ile, mkuu. Sikuwepo."

Sikio alikuwa amerudisha kikombe sikioni. Kule mbali kitu kilijikokota kwenye matope, kikakaribia. Baadaye ikaja sauti ya buti kwenye ngazi ya chuma, kipago kwa kipago, bila haraka, ya mtu aliyechoka na kazi. Vipago vilikuwa kumi na viwili. Kwenye cha kumi na mbili Sikio aliachia chuma na kuruka nyuma.

Hakukuwa na mtu. Baridi tu ilitoka chembani, ikawapita miguuni. Mhandisi alisogea kando kama anayempisha mtu mlangoni, na ukimuuliza leo atakuambia hajui kwa nini alisogea. Msimamizi yeye hakusogea. Aliinua mkono, akaingia barabarani, akasimamisha basi. Alilishikilia pale kwa muda wa mtu mmoja kuvuka, kisha akaliruhusu. Dereva alitukana, wala simlaumu.

"Sikiliza tena," msimamizi akasema.

Alisikiliza dakika tano. Kimya. Akatia saini fomu, na zege likamwagwa.

Alirudi nyumbani kwa miguu. Mtaa mzima mabomba yalikuwa makavu, wanawake wamekaa na ndoo tupu, wanalisema baraza. Nyumbani mlango ulikuwa wazi. Mama ameketi kwenye kiti chake, karai la kunawia liko miguuni pake, na sakafu yote ni maji na matope meusi.

"Mama, maji haya umeyatoa wapi? Yamefungwa tangu alfajiri."

"Mbona mmeachana njiani?" mama akasema. "Mwenzako kapita zamani. Kanawa miguu hapa, kanishika mkono, kaenda zake. Mikono yake baridi, jamani!" Uso wake ulikuwa mtulivu, akili yote imo. "Kasema siku ile ulikwenda kununua sigara. Kweli?"

Sikio akakaa chini, pale pale kwenye matope.

"Kweli, mama. Nisamehe."

Mama akapapasa hewani mpaka akakipata kichwa chake.

"Hilo la sigara hana kinyongo nalo," akasema. "Anauliza hii miaka mingine yote. Alikuwa anangoja tatu tu, mwanangu. Ungegonga siku yoyote, angepanda."