Kikombe cha Mwalimu Nashoni

Kiingereza cha Mwalimu Nashoni hakikuwa na pa kwenda. Asubuhi kilitembea ubaoni pale shuleni Nyarero, watoto wakakiimba kwa sauti moja, na kengele ikilia kilirudi kifuani mwake kulala. Kijiji kizima hapakuwa na mtu wa kumwambia hata sentensi mbili akajibiwa. Na msidhani alikuwa amesahau Kikurya. La hasha! Kikurya alikuwa nacho, na Kiswahili pia. Kilichokosekana ni watu.

Chanzo kilikuwa kisu. Mwaka ambao wenzake waliingia jandoni, Nashoni alikuwa shule ya misheni, mbali, upande wa Musoma. Akatahiriwa hospitalini kwa sindano ya ganzi, amelala chali kama mgonjwa. Mama yake Wegesa, mjane, ndiye aliyekubali, maana mwana alikuwa mmoja naye aliogopa kidonda. Wale wenzake walisimama wima mbele ya ngariba, hawakupepesa jicho, wakatoka wakiwa saiga moja, yaani rika moja mpaka kaburini. Watu wa saiga moja hunywa pombe kwenye mtungi mmoja, kila mtu na mrija wake mrefu. Nashoni aliporudi mwaka 1951, na viatu vyake na ualimu wake, walimkaribisha vizuri mno. Wakamletea kiti. Kisha wakamchotea pombe kwa kikombe.

Kikombe hupewa mgeni.

“Usione vibaya, mwalimu,” Matiko, mtoto wa baba yake mdogo, alimwambia siku ile. “Mrija ni wa mtu aliyesimama. Wewe ulilala!” Wakacheka wote, naye akacheka. Angefanyaje?

Na kila alipotoka kwenye pombe, mama yake alimwuliza swali lile lile mlangoni: “Wamekupa nini?” Naye alijibu, “Kikombe, mama.” Wegesa aliinamisha kichwa, akajilaumu kimoyomoyo, akaenda kusonga ugali.

Basi Nashoni akafanya urafiki na maneno, na kwenye maneno alikuwa na kipenzi chake: “spring”. Huko misheni waliambiwa kuna maneno ya Kiingereza yenye nyumba nyingi, na nyumba moja haina undugu na nyingine. Chemchemi ya bondeni wanakoteka maji, “spring”. Waya uliojikunja kwenye mtego wa panya, “spring”. Vijana wakiruka ngomani, hiyo nayo “spring”, na hapo lina wenzake wanaofanana nalo: “leap”, “jump”, “bound”. Hata neno lina rika lake, aliwaza Nashoni. Jioni akishuka bondeni aliyataja moja moja, kama mtu anayeita ng'ombe wake kwa majina. Wanawake waliokuwa wakiteka maji walinong'ona kwamba mwalimu ana pepo. Pepo gani! Upweke tu.

Maana ya nne ndiyo iliyomsumbua. Ni majira ya huko Uingereza, baridi kali inapokwisha. Vitabu vilisema yanapendeza, basi, vikanyamaza. Sasa yananukaje? Watu hufanya nini siku ya kwanza? Kwa hiyo mwaka 1954, habari zilipokuja kwamba Bwana Shauri, yule mzungu mkuu wa wilaya, atakagua shule, Nashoni alikosa usingizi. Hakutafuta sifa wala cheo. Alitaka mtu mmoja tu asimame naye, amsimulie kwao, naye amsimulie kwake, wazungumze hadi kivuli kisogee.

Bwana Shauri alifika saa nne, vumbi limemjaa mpaka kwenye nyusi. Wazee walikuwapo, na Matiko na saiga yake walikuwapo, wamekuja kumtazama mzungu. Watoto waliimba. Nashoni, shati lake limepigwa pasi ya mkaa likanyooka, akasogea na kuuliza swali lake kwa Kiingereza, taratibu, bila kukosea: kwenu, baridi ikiisha, siku ya kwanza ya majira yale huwaje?

Mzungu alimtazama kana kwamba kiti kimesema. Kisha akacheka, wala si kwa ubaya, akajibu kwa Kiswahili.

“Mwalimu, mimi nimefaulu mtihani wa Kiswahili. Sema Kiswahili tu, wazee nao wasikie. Choo cha shule kiko wapi?”

Akaenda kukagua choo. Loh! Miaka yote ile ya maneno, na jibu likawa choo. Nashoni alimwonyesha njia kwa mkono.

Alasiri akapita kwa Matiko, si kwa hamu ya pombe, ila nyumbani angekaa na nani zaidi ya mama? Wanaume walikuwa wameketi kwenye magogo, mtungi bado haujatolewa, naye akaletewa kiti kama kawaida.

“Mura,” Matiko akamwita, kama wanavyoitana vijana wa Kikurya. “Hebu tuambie, ulimwuliza nini yule mzungu hata akakimbilia chooni?”

Kicheko kikalipuka. Kilipotulia, Nashoni aliwaeleza. Nchi ambayo miti hukauka ikabaki mifupa, watu hujifungia ndani, halafu siku moja ardhi inaamka.

“Sasa hiyo ndiyo ya kumwuliza mzungu?” akasema Matiko. “Kiangazi kikiisha, mvua ya kwanza ikipiga vumbi, hata ng'ombe aliyekonda hurukaruka!”

“Na ile harufu!” akadakia mwingine. “Mimi natamani kuula udongo.”

Nashoni alicheka mpaka machozi. Hakuwa ameuliza jambo gumu kumbe. Akaacha kiti, akaketi kwenye gogo kati yao, akasimulia, akabishiwa, akabisha, bega lake limegusa bega la Matiko. Kwa mara ya kwanza tangu arudi, alijisahau.

Mke wa Matiko akaleta mtungi. Wanaume wakachomoa mirija yao. Mkono wa Nashoni ulikuwa umeshanyooka, wenyewe, bila kutumwa.

“Jamani, mmemsahau mwalimu!” Matiko akapaza sauti, kwa moyo mweupe kabisa. “Mleteeni kikombe. Kile kizuri, chenye maua!”

Akaletewa. Akanywa akakimaliza, akashukuru, akaaga.

Wegesa alikuwa nje akipeta ulezi. “Nimesikia kicheko chako mpaka huku,” alisema, na uso wake ulikuwa na tumaini ambalo Nashoni hakuwahi kuliona. “Mwanangu, wamekupa nini?”

Nashoni aliutazama uso ule.

“Mrija, mama.”

Ungo ukadondoka. Bibi kizee akainuka kwa taabu, akaugeukia mji wa Matiko kule chini, akapiga vigelegele, “Wamempa mrija!” akarudia, sauti ikapasuka akaendelea hivyo hivyo.

Kule chini mazungumzo yakakatika. Wote walijua mwalimu alichonywea. Hakuna aliyecheka, wala hakuna aliyepanda kuja.