Kigari cha Bwana Tumbo

Mzee mmoja alikuwa ametengeneza mikokoteni kwa miaka thelathini na sita, na hakuna siku hata moja aliyoulizwa mbele ya mkokoteni ni wapi. Mbele ni kule unakokwenda. Nyuma ni pale anaposimama mtu, kashika mipini, anasukuma na kulaani jua. Mikokoteni yake ilibeba saruji, ikabeba vitanda vya maharusi, na mmoja ulimbeba mgonjwa hadi zahanati akafika huku anacheka. Watu wa mtaani wakamwita Fundi Ringi, na yeye akaitika.

Basi Jumatatu jioni Fundi Ringi alikuwa amekaa uani kwake juu ya ndoo iliyopinduliwa, kipande cha boksi mapajani, penseli sikioni, na hajui pa kuanzia.

Mkewe alikuwa amerudi kutoka kazini uso umemvimba. Yeye ni msafishaji katika maktaba kubwa, na kwa miaka kumi na tisa ghorofa ya tatu imekuwa mikononi mwake: vyumba vitatu vilivyofuatana kama mabehewa, zulia la kijani ukuta kwa ukuta, na mwisho kabisa chumba cha magazeti chenye madirisha marefu. Mashine yake ya zamani ya kufyonza vumbi ilikufa mwezi uliopita, ikaletwa mpya. Dude la duara kama pipa, zito, lina mpira mrefu kama mkonga, na chini lina vigurudumu vidogo kama vifungo vya koti. Likifika kwenye kizingiti, linakwama. Ukilivuta, linalala ubavu. Ukiliinua, bega linalia. Wasafishaji walikwisha kulipa jina, Bwana Tumbo.

"Leo nimemaliza saa mbili na nusu," mkewe alisema, akivua viatu mlangoni. "Wasomaji wanaingia saa mbili. Wamesimama pale wananitazama kama sinema."

"Na msimamizi?"

"Kaniita pembeni. Yule binti ana adabu zake, 'mama' huku, 'mama' kule, lakini kasema. Ijumaa nikiwa bado namaliza saa mbili na nusu, ghorofa ya tatu anapewa mwingine. Mimi nashuka chini, stoo, kwenye magazeti ya zamani. Kule hakuna hata dirisha, baba watoto. Nitaishi kama panya."

Hakulia. Angelia, mzee angejua la kufanya, maana kwa machozi mtu huleta kitambaa. Alikaa tu akilisugua bega, akitazama ukuta, na mzee akatazama ukuta huohuo asione kitu.

"Nitakutengenezea kigari," akasema. "Tunamkalisha Bwana Tumbo juu, magurudumu makubwa chini, vizingiti anavipita kama havipo."

"Utaweza?"

Swali hilo lilimchoma kidogo. Miaka thelathini na sita, halafu mtu anakuuliza utaweza.

Jumanne alasiri kigari kilikuwa tayari, na kilikuwa kizuri. Kilikuwa na magurudumu mawili ya gari la mtoto mchanga, sahani ya plaiwudi iliyokatwa kwa kipimo cha kamba aliyoifunga mkewe kwenye tumbo la mashine, miguu miwili ya kusimamia, na nyuma mipini miwili ya mti laini, iliyopigwa msasa hadi ikateleza kama sabuni. Shemeji yake, kaka wa mkewe, fundi baiskeli wa kona ya pili, alipita akasimama.

"Shemeji, hiki ni cha kubebea mashine au maiti?"

"Kitakubeba wewe usipofunga mdomo."

"Mimi sitoshi. Labda tumbo lako."

Mkewe alipofika alikizunguka kigari mara mbili. "Kizuri," akasema, kwa sauti ile anayoitumia kwa nguo iliyoshonwa ikambana. "Sasa hii mipini nashika na nini?"

"Na mikono."

"Mikono yangu iko kazini, baba watoto. Mmoja umeshika fimbo ya mashine, wa pili unaongoza mpira usijisokote. Wa tatu nautoa wapi?"

Shemeji alicheka hadi akatafuta pa kukaa.

Mzee alitazama mipini, akatazama mikono ya mkewe, akaihesabu kimoyomoyo kana kwamba huenda ikatokea hesabu nyingine. "Kwani siku zote ulikuwa unaisogezaje?"

"Naivuta."

"Unaivuta na nini?"

"Naivuta tu. Kwani wewe ukitoka kitandani unajua umetanguliza mguu gani?"

Mzee hakujua. Alijaribu kukumbuka, akachanganyikiwa zaidi.

"Kitu cha kuvutwa hakitaki mipini," shemeji akaamua, maana watu wasioulizwa ndio wenye majibu ya haraka. "Toa miguu. Weka magurudumu manne ya kiti cha ofisi, yale yanayogeuka kila upande. Kitamfuata dada popote, kama mbwa."

Kabla jua halijazama walikuwa wamekibomoa na kukijenga upya. Wakaweka mfuko wa mchanga juu badala ya Bwana Tumbo, wakafunga kamba, mzee akavuta. Kigari kilikwenda kushoto. Akavuta kushoto, kikazunguka chenyewe mara moja, kikampiga shemeji kwenye muundi, kisha kikaondoka taratibu, kwa heshima zote, kuelekea mtaroni.

"Hiki kimelewa," shemeji alisema akijisugua mguu.

"Ni magurudumu yako."

"Ni kamba yako. Aliyevuta ni nani?"

Hata hilo mzee hakuwa na uhakika nalo. Kwa macho yake, kigari ndicho kilichokuwa kinamvuta yeye.

Jumatano alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alivaa shati la kutokea, akaongozana na mkewe hadi kazini. Miaka kumi na tisa alikuwa akimfikisha mlango wa maktaba siku za mvua na kugeuka na mwavuli wake. Juu hakupajua. Saa kumi na mbili asubuhi mlinzi aliwafungulia.

"Shikamoo, mama. Na huyu?"

"Marahaba. Ni fundi wangu."

Mzee alipanda ngazi tatu za ghorofa akiligeuzageuza neno hilo. Fundi wangu. Hakusema mume wangu. Hakujua afurahi au anune.

Mkewe alimsimamisha mlangoni pa chumba cha kwanza, pa kuingilia. Milango ya vyumba vyote ilikuwa wazi, ikatazamana, mtu aliweza kuona moja kwa moja hadi madirisha ya mwisho. Mkewe akaenda huko mwisho kabisa, akawasha mashine, na mzee akadhani ataanza kuja mbele, kama mtu yeyote mwenye akili zake. Hakuja mbele. Alimgeuzia mgongo, akaanza kurudi kinyumenyume.

"Mbona unarudi nyuma?" mzee akapiga kelele juu ya mngurumo.

"Nisiache nyayo! Zulia likishafyonzwa linalala vizuri, mstari kwa mstari. Nikitembea mbele, nalikanyaga mwenyewe!"

Na kweli, mbele yake zulia lilikuwa limelala kama shamba lililochanwa kwa kitana. Mzee hakulitazama sana. Alikuwa anaitazama mashine, na alichokiona kilimtatiza. Bwana Tumbo hakuwa mbele ya mkewe, wala pembeni. Alikuwa nyuma yake, kwenye visigino, na kila baada ya hatua mbili mkewe alimsukuma kwa shavu la mguu, bila kugeuka, kama mtu anavyosogeza kigoda. Alipofika kizingitini ndipo alipogeuka, akainama, akamnyanyua kwa mkono mmoja, bega likapanda hadi sikioni. Mzee akaumia yeye.

"Mke wangu! Wewe huivuti hiyo mashine. Unaisukuma!"

Akazima. "Unasemaje?"

"Unaisukuma. Kwa mguu."

"Naivuta, wewe."

"Hebu endelea."

Akaendelea hatua nne, akasimama, akautazama mguu wake kama mguu wa jirani. "Tangu lini?" akauliza.

"Mimi nitajuaje? Mguu ni wako."

Wakatazamana hapo, watu wawili walioishi pamoja miaka thelathini, kisha wote wawili wakautazama mguu.

Alhamisi nzima mzee alishinda juu ya ndoo yake. Kusukuma ni kazi yake, hiyo anaijua. Lakini hajawahi kukutana na msukumaji anayekipa kitu mgongo. Alichora mshale kwenye boksi, akaandika MBELE, akafuta. Mbele ni kule kigari kinakokwenda. Lakini yule anayekwenda nacho anatazama upande mwingine, na kwake yeye mbele ni kule anakotoka. Akachora mishale miwili. Akaona kigari kinapasuka katikati. Akalitupa boksi.

Mwishoni aliacha kufikiri akaanza kupiga nyundo, jambo ambalo lilimpa utulivu. Aliweka magurudumu mawili ya gari la mtoto upande mmoja, yasiyogeuka, na mawili ya kugeuka upande wa pili. Sahani akaishusha karibu na sakafu, Bwana Tumbo asianguke, akaongeza na mkanda wa kumfunga kiuno. Halafu akachukua sponji ya kiti kilichochakaa, akaizungushia turubai, akaipigilia kwenye ubao wa kimo cha shavu la mguu. Ubao huo aliuweka upande wa magurudumu makubwa, kama mkokoteni wowote. Shemeji akajaribu kutembea kinyumenyume akikisukuma kwa mguu: magurudumu madogo yaliyotangulia yakagonga kizingiti cha jikoni, yakakataa katakata.

"Geuza," shemeji akasema.

"Nigeuze nini?"

"Ubao. Dada asukumie huku kwenye madogo, makubwa yatangulie."

"Hakuna mkokoteni wa namna hiyo duniani."

"Sasa utakuwepo."

Wakageuza. Kigari kikapanda kizingiti, kikashuka, na ukikigusa kidogo kwa kisigino kinapinda unakotaka. Mzee alikisukuma huku na huko mara ishirini akijaribu kuelewa kwa nini kinatii. Hakuelewa. Alikaza nati tu, akaenda kunawa.

Ijumaa waliingia mapema, wamekibeba wawili. Safari hii mzee alitaka kuona vizuri, kwa hiyo alikaa kwenye kiti cha pembeni kabisa, chini ya dirisha, chumba cha magazeti, pale kazi inapoanzia. Mkewe akamfunga Bwana Tumbo mkanda, akawasha, akaanza kurudi. Hatua mbili, mguu. Hatua mbili, mguu. Katikati ya chumba kigari kilienda kulia kikagonga meza.

"Rudi hapa, wewe," mkewe akakiambia, akakigusa kwa kisigino. Kikarudi.

Kizingiti cha kwanza kilipita mbele ya macho ya mzee. Tak, magurudumu makubwa. Tak, madogo. Mkewe hakugeuka wala hakuinama, na bega lilibaki mahali pa bega. Mzee alisimama kwa furaha, akainua mguu amfuate akaone kizingiti cha pili.

"Usithubutu!"

Mguu ukabaki hewani. Mbele yake zulia lote lilikuwa limelala mstari kwa mstari, kijani, bila hata alama ya kidole. Akaushusha mguu taratibu palepale ulipotoka, akakaa.

Sasa hakuona tena kitu. Mkewe alikuwa amepotelea nyuma ya rafu za chumba cha kati, na kulikuwa na mngurumo tu. Mzee alisikiliza. Saa ya ukutani ilisema saa moja na nusu. Akasikia tak moja. Akangoja ya pili. Haikuja. Mngurumo ukakatika. Kikafuata kishindo cha kitu kizito, halafu kimya.

"Kimeanguka?" akauliza.

Alijiona kama mtu aliyefungiwa kisiwani. Akikaa, hajui. Akienda, anaharibu kile alichokuja kukiokoa. Alianza kufikiria stoo isiyo na dirisha, akafikiria nati, kama alizikaza au alidhani tu amezikaza. Alikumbuka vidole vyake vikizikaza, kisha akakumbuka pia vikiziacha zimelegea.

Mngurumo ukarudi. Tak. Baadaye mkewe alimwambia kwamba waya ulichomoka ukutani, na kilichoanguka ni kamusi, wala Bwana Tumbo hahusiki. Lakini wakati ule mzee hakujua kama acheke au amlaumu nani.

Hatimaye mashine ilizimwa. Mwisho wa milango yote, mbali kabisa, akamwona mkewe amesimama ngazini, mdogo kama picha, kigari miguuni pake, na kando yake msimamizi anatazama saa ya mkononi.

"Saa mbili kasoro dakika nne," msimamizi akasema, na sauti ilisafiri vyumba vitatu. Kisha akainua macho. "Mama, yule ni nani pale dirishani?"

"Ni mume wangu."

"Anafanya nini?"

"Hawezi kutoka. Atakanyaga."

Msimamizi alimtazama mzee, akalitazama zulia, akakitazama kigari, na ilionekana hakujua aanze na lipi kati ya hayo matatu. "Ghorofa ya tatu ni yako, mama," akasema mwishowe. "Wiki ijayo, mwezi ujao, ni yako." Akainama, akakisukuma kigari kwa mkono, upande ambao sio, kikamkataa. "Hiki mbele yake ni wapi?"

"Muulize mwenye nacho," mkewe akasema, akicheka.

Kabla mzee hajaulizwa, kengele ya saa mbili ililia na wasomaji wakapanda. Wa kwanza, mzee mwenzake mwenye miwani, alipita moja kwa moja katikati ya zulia, viatu vina tope la barabarani, akafika kwenye meza, akachukua gazeti. Nyuma yake wanafunzi, mama mwenye mkoba, wengine na wengine. Mistari ilikatika, ikafutika, na baada ya dakika mbili hakuna ambaye angesema iliwahi kuwepo.

Fundi Ringi alitazama kwa mdomo wazi. Saa mbili nzima za kurudi kinyumenyume, bega, vigari vitatu! Alimtafuta mkewe kwa macho amwone amekasirika kiasi gani. Mkewe alikuwa anakunja waya, anaimba kidogokidogo.

"Umewahi leo, mzee," msomaji wa miwani akamwambia. "Unakaa au unaondoka? Hicho kiti ndicho changu."

"Naondoka," akasema.

Alisimama. Akavitazama viatu vyake, akalitazama zulia, ambalo watu thelathini walikuwa wamekwisha kulipita. Kisha akainama, akavua kimoja, akavua cha pili, akavishika mkononi, akaanza kutembea kwa soksi kuelekea ngazini, akikanyaga kwa ncha za vidole.