Chumvi Iliyokataa Kuyeyuka

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, na kila ikinijia hapa Mwabungo nilipo peke yangu, hucheka kisha nikalia. Nilikuwa bi arusi mpya, nimetoka kwetu Mkwiro, na mume wangu, dereva wa lori, alikuwa safarini Mackinnon Road. Nyumbani tulibaki mimi na mavyaa, mamake mume wangu. Asubuhi nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, basi, hadi tunalala hatuna la kusema. Nilijua hanitaki. Nguo nilikuwa nimeshazifunga, kesho yake nirudi kwetu.

Ila nilitaka kwanza kumpikia kashata, asije akasema nimeondoka bila adabu. Nikamimina sukari sufuriani, nikangoja iyeyuke. Wapi! Ikawa inatatarika tu na kunirukia mikononi. Nikazidisha moto. Na mimi, usicheke, ndimi niliyekuwa wa kwanza darasani kwa kemia!

Mavyaa akasikia ule mlio, akaingia, akaonja punje kutoka kwenye kopo.

"Wee! Hii si chumvi?"

Nikaangua kilio.

"Mbona hukuniuliza sukari iko wapi?"

"Nilidhani hutaki niseme nawe, mama."

"Mimi? Nami nilidhani wewe msomi, huna haja nami." Akaketi sakafuni kando yangu. "Tumo nyumba moja, kila mtu anakufa na upweke wake. Ukinyamaza nitajuaje? Mdomo umepewa wa nini?"

Jioni ile nilizifungua nguo zangu. Sikurudi.

Baadaye nilikuwa mwalimu wa kemia, na jiko lile ndilo lililokuwa somo langu. Kwenye chumvi, atomi moja huipa nyingine elektroni, zikabaki zikivutana pande zote. Kuziachanisha kunataka moto ambao jiko langu halikuwa nao. Ndani ya molekuli ya sukari, atomi hushirikiana katika elektroni na kushikana barabara, lakini molekuli zenyewe kwa zenyewe zimeshikana kwa ulegevu, ndiyo maana huyeyuka kwa moto mdogo. Na sufuria je? Elektroni zake huzunguka, si za atomi moja, ni za zote. Ndiyo maana sufuria hupitisha moto upesi, na ukiigonga hubonyea, haivunjiki.

Sasa mavyaa hayupo, mume wangu hayupo, wanangu wako mbali. Upweke unauma, mwanangu, sikufichi.

Nisikilize basi. Hakuna atomi inayoungana na nyingine bila kutoa kitu, kupokea au kushirikiana. Usikae ukingoja kupendwa. Anza wewe, sema, omba, toa. Juzi amehamia jirani, msichana wa bara, namsikia akilia nyuma ya ukuta. Nami nimekaa ndani nikingoja aje kuniamkia, kwa kuwa mimi ndimi mkubwa. Upuuzi mtupu! Nikimaliza kusema nawe kwenye simu hii navaa buibui langu, naenda kumpigia hodi.

Mola akujaalie mlango wa kubisha, na ndani yake mtu wa kukuitikia karibu.