Mbuzi Aliyekula Ua la Mama Severini

Jirani yangu Mama Severini ni zawadi ya Mungu, na leo nasema kwa nini, hata kama mtanicheka.

Mimi ni mkulima wa mpunga hapa Lumemo. Nikiona jani limebadilika rangi, mkono unang'oa kabla akili haijauliza. Kimyanga, ule ugonjwa wa mpunga unaobadilisha rangi ya majani, kilinitia adabu: ukiliacha shina moja linaloumwa, unalilia shamba zima.

Basi, Mama Severini alikwenda Masagati kumhudumia binti yake aliyejifungua. Akaniachia ua lake, lile la majani manene yaliyojipanga kama waridi. Nikalionea huruma kukaa kivulini barazani, nikalihamishia juani. Haukupita muda likaanza kuwa jekundu, kuanzia ncha za majani mpaka katikati. Kimyanga hiki! Nikaling'oa, nikalitupa kwenye lundo la pumba nyuma ya jiko langu.

Arobaini ilipoisha, mama akarudi.

"Shikamoo mama, pole na safari. Lile ua... mbuzi kalila."

"Marahaba mwanangu. Mbuzi ni mbuzi. Nasikitika tu kwamba sikuliona likiwa jekundu. Likipata jua, ndiyo rangi yake."

Akazunguka nyuma ya jiko langu kuchota pumba za banda lake la kuku. Aliporudi, khanga yake ilikuwa imejaa vimche. Kila jani lililodondoka kule lilikuwa limeota mtoto wake.

Akanipa kimoja mkononi, akicheka mpaka machozi.

"Hiki chako. Na huyo mbuzi mwambie nashukuru sana. Kala ua zima, hakuacha hata alama ya jino."