Kopo la Bluu la Kila Jumamosi

Nilikuwa mpima pamba. Miaka yangu ya kazi niliimalizia kwenye kiwanda cha kuchambua pamba Bunda, nimesimama kando ya mizani na daftari mkononi, na hakuna msimu uliopita bila mkulima fulani kunishutumu kwamba nimemwibia kilo zake. Sikumwibia mtu hata kilo moja. Nilisema hivyo wakati ule na nasema hivyo leo, maana ndicho kitu pekee ninachojisifia. Mke wangu alikuwa akinicheka, akisema siku ya hukumu nitamwomba malaika anionyeshe mizani yake kwanza.

Basi mtu wa namna hiyo ukimtoza bei isiyo sahihi, umemchokoza.

Tulihamia Musoma kutoka Butiama kwa sababu ya ugonjwa wa mke wangu, ili awe karibu na hospitali. Mwaka wake wa mwisho tumbo lilikataa karibu kila kitu isipokuwa maziwa ya unga ya aina moja tu, yenye kopo la bluu. Mimi nimekulia kwenye ng'ombe. Kwangu hayo si maziwa, ni chaki iliyokorogwa. Lakini kila Jumamosi nilikwenda supamaketi kumchukulia kopo lake.

Alipofariki tulimzika Butiama. Watoto wakarudi makwao, mmoja Dodoma, mwingine Mwanza, nami nikarudi Musoma kwa kuwa nyumba ilikuwa huko. Jumamosi ya kwanza miguu ilinipeleka dukani yenyewe. Nilifika kwenye kaunta ndipo nikaona nimeshika kopo la bluu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme samahani, nimekosea, nalirudisha. Hapo mashine ikalia, na kioo kikaonyesha elfu kumi na mbili na mia tatu. Kibandiko cha kwenye shelfu kilisema elfu kumi na moja na mia tano.

Nilisahau msiba. Baadaye niliona aibu, lakini nasimulia ilivyokuwa: kwa dakika ile nilisahau. Nilimwambia yule keshia kwamba bei ya kwenye shelfu ni ahadi, na mtu havunji ahadi kwa sababu mashine imesema. Nilisema kwa sauti. Foleni nzima ikanigeukia, nami nikawakumbuka wale wakulima wa Bunda waliokuwa wakinifokea mbele ya mizani. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Keshia alikuwa binti wa Mugango, kule ziwani, mgeni pale dukani, na hakukasirika. Alinieleza kwamba yeye hawezi kubadilisha bei, mpaka aje msimamizi mwenye ufunguo wa mashine. Akabonyeza kengele. Msimamizi alikuwa stoo, akihesabu sabuni, na hakuwa mtu wa haraka.

Kwetu hufanyi biashara na mtu hujamsalimia, na kusalimia si neno moja. Unauliza za nyumbani, unauliza watoto, ng'ombe, mvua, na yeye anakuuliza vilevile, halafu ndiyo mnaongea habari ya bei. Kwenye kaunta hizi nafasi hiyo haipo. Ukiuliza za nyumbani, unaulizwa kadi au keshi. Lakini kengele ikishalia mashine imefungwa, hakuna wa kwenda mbele wala nyuma. Kwa hiyo tukasalimiana. Alikuwa mtu wa kwanza kunisalimia kikamilifu tangu nirudi kutoka makaburini.

Akaniuliza maziwa ni ya nani. Nikasema ni ya mke wangu.

Sikupanga kusema hivyo. Ni kweli yalikuwa ya mke wangu, hayakuwahi kuwa ya mtu mwingine. Akauliza anaendeleaje. Nikasema, anaendelea.

Msimamizi alikuja, akarekebisha, akaahidi kwamba bei ingesahihishwa. Jumamosi iliyofuata nilikwenda kuangalia, kama mtu anayefuatilia haki yake, na kosa lilikuwa palepale. Binti akacheka. "Babu, bei zinawekwaga Mwanza," akasema. "Na kule wanachelewaga." Akabonyeza kengele, tukaanza za nyumbani.

Ikawa hivyo Jumamosi baada ya Jumamosi. Alinitania kwamba watu wa Butiama hatujui kula samaki kama furu, tunaogopa miiba kama watoto; nami nikamwambia watu wa ziwani wakiona ng'ombe wanauliza anavuliwa kwa nyavu gani. Watu wa nyuma walihamia kaunta nyingine wakinung'unika. Kila mara, msimamizi akishafungua mashine, binti aliniambia, "Msalimie bibi." Nikifika nyumbani nilisimama mlangoni nikasema kwa sauti, umesalimiwa. Kisha nikaliweka kopo kabatini pamoja na mengine. Sikufungua hata moja.

Nilijua ninachofanya. Mimi ambaye sikuongeza wala kupunguza kilo ya mtu, nilikuwa nimempa yule binti mizani ya uongo, na kila wiki niliongeza juu yake. Lakini palikuwa ni mahali pamoja tu duniani ambapo mke wangu alikuwa bado anaulizwa hali. Watoto wakipiga simu waliniuliza kama nimekula.

Makopo yalikuwa kumi na moja siku niliyomkuta keshia mwingine. Akapitisha kopo, mashine ikalia, kioo kikaonyesha elfu kumi na moja na mia tano. Nilitazama mara mbili. Nilimwambia labda amekosea, arudie. Akarudia. Ilikuwa sahihi.

Nikauliza yule wa Mugango yuko wapi. Akanitazama, akaniuliza kama mimi ndiye mzee wa kopo la bluu. Akasema mwenzake amehamishiwa tawi la Bunda, na kabla hajaondoka alipiga simu Mwanza siku tatu mfululizo mpaka bei ikasahihishwa. Alikuwa amesema kuna babu mmoja anamuuguza mkewe, asiwe anasimamishwa hapa bure, na bibi kule amelala peke yake anamsubiri.

"Kadi au keshi, mzee?" akauliza.

Sikumbuki nilivyolipa. Nakumbuka nilifika nyumbani, nikasimama mlangoni kwa mazoea, na sikuwa na salamu ya kupeleka. Nilikaa kitini na kopo mapajani hadi mgongo ukauma. Upweke niliukwepa wiki zote zile, na jioni ile ulinikuta nimekaa.

Jumamosi iliyofuata nilipanda basi la Bunda. Tulipopita njia panda ya Butiama niligeuza shingo upande alikolala, na nilikuwa bado nimegeuka tulipofika Kiabakari. Sikuwa na mpango. Nilikuwa nikijiambia kwamba nakwenda kumshukuru.

Duka la Bunda ni dogo, lina kaunta mbili. Nililipata kopo la bluu kwenye shelfu, nikasoma kibandiko, nikajipanga. Aliponiona akainuka kitini. Akauliza nimekuja kufanya nini Bunda, nami nikasema niliwahi kufanya kazi hapa. Akapitisha kopo. Bei ikatokea, ileile ya kwenye shelfu.

"Na bibi?" akauliza. "Umemwacha na nani leo?"

Nyuma yangu palikuwa na watu wanne au watano. Kwa maisha yangu yote nimepima vitu vya wengine mbele ya foleni, na sijawahi kupata kitu kizito kama kile.

"Bibi alifariki," nikasema. "Kabla hatujajuana, mimi na wewe."

Alilitazama kopo, akanitazama mimi, na nikaona anayahesabu yale mengine moyoni. Nikangoja anikasirikie, maana ilikuwa haki yake.

"Pole babu," akasema. "Pole sana."

Mama mmoja nyuma yangu akauliza mbona foleni haiendi. Binti akanyoosha mkono akabonyeza kengele ya kumwita msimamizi.

"Samahani mama, hapa kuna bei imekosewa," akamjibu. "Tunasubiri ufunguo." Kisha akaketi, akanigeukia, akaniuliza za nyumbani.

Bei ilikuwa sahihi. Niliiona mwenyewe.