Klima ya Gari la Shefu

Siku yangu ya kwanza gerejini, kule Cibitoke, sikushika hata spana. Shefu datelie, yaani mkuu wa mafundi, alinishika kidole gumba akakibonyeza juu ya kuruwa, ule mkanda wa mpira unaozungushwa na injini.

"Unasikia? Ikilegea, itateleza. Ikikaza sana, itakula beringi. Kidole njo kipimo."

Mafundi walicheka: mwanamke gerejini! Akawageukia. "Munacheka nini? Vidole vyenu ni vya zahabu?" Nilimpenda tangu siku hiyo, nasema bila aibu.

Amri yake moja haikuwa na mjadala: kuruwa ikilia, usiipake sabuni. Mafundi wa barabarani walipaka, kelele ikanyamaza, mteja akaondoka anatabasamu, kisha injini ikachemka mlimani. "Sabuni ni ya shati," alisema Shefu.

Baadaye nilihamia gereji ya serikali, chini ya mkurugenzi aliyejua kupiga honi tu, kisha nikafungua yangu. Mwaka wangu wa mwisho kazini, Shefu, sasa mstaafu anayeishi mtaa wa Mutanga Sud, akaniletea gari lake la ujana.

"Kifua yangu haitaki tena joto wala vumbi. Mujukuu anaolewa Gihosha. Nataka mi mwenyewe nimupeleke kanisani, madirisha yamefungwa. Weka klima, ile ya hewa baridi."

Injini ile ilikuwa na kuruwa moja, iliyozungusha feni, pampu ya maji na dinamo. Kompresa, inayosukuma gesi ya baridi, ilitaka ya kwake. Nikachonga kishikio cha chuma, nikaongeza puli, gurudumu la kupitishia mkanda, mbele ya injini, nikalaza chuma kilichonyooka kuhakikisha puli zimekaa mstari mmoja. Mikanda yote miwili nikafunga mipya. Tulipowasha, baridi ikampiga usoni, akafumba macho. Hakukohoa.

"Rudi kabla ya harusi," nikamwambia. "Kuruwa mpya hunyooka, lazima niikaze."

"Ego, ego," akaitika. Hakurudi.

Siku ya harusi nilikuwa katika gari la nyuma. Kwenye mwinuko wa Gihosha gari la Shefu likasimama, mvuke unatoka, bibi harusi ndani na shela yake. Nikashuka mbio. Nikafungua boneti, na harufu ya sabuni ya kufulia ikanipokea.

"Shefu!"

"Zilikuwa zinalia tangu asubuhi," akasema chini chini. "Nilionea haya kukusumbua. Bantu batasema gari ya fundi inalia."

Mimi nikacheka, naye akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Jamani, yeye! Tukangoja injini ipoe. Nikaosha sabuni kwa maji, nikafuta puli kwa leso yangu ya harusi, nikakaza mikanda, nikajaza maji kwenye rejeta. Kisha nikamwita apime.

Akanyoosha kidole. Akabonyeza mara mbili. Akakirudisha mfukoni.

"Weka yako. Yangu haisikii tena."

Nikabonyeza. "Iko sawa, Shefu."

"Kama umesema we, twende."

Akapandisha madirisha, akaendesha mwenyewe hadi mlango wa kanisa. Alipomshusha mjukuu wake, kola ya Shefu ilikuwa kavu na anapumua vizuri.

Nimestaafu sasa. Ninyi mafundi vijana mna vyombo vya kupimia mikanda, vitumieni, ni vizuri. Mimi nina kidole hiki. Siku ya kwanza alikishika mbele ya waliocheka. Mwishoni akakikabidhi safari ya mjukuu wake. Asante, Shefu.