Pamba Juu ya Mabaibui

Mimi na dada yangu tunasokota nyuzi za pamba kwenye chumba cha uani, Kariakoo, na mafundi wa kufuma vitambaa wanazichukua hapo hapo. Kabla ya kusokota, pamba lazima ichanwe mpaka nyuzi zake zilale upande mmoja. Tulikuwa tunachana kwa brashi za waya, mpaka viganja vyangu vikawa vinakataa kukunjika asubuhi.

Basi nikaagiza mashine ya kuchana, iliyokwishatumika nje. Ilinisumbua bandarini mpaka nikatamani wairudishe ilikotoka. Ilipofika, ikawa haina mfuniko. Pipa la meno ya waya liko wazi, likizunguka linarusha vumbi jeupe la pamba kila upande.

Jirani yetu wa mbele ni mama mtu mzima anayeuza mabaibui. Meusi yote.

Siku ya kwanza alikuja na baibui moja mkononi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba vizuri tu, kisha akanionyesha mabega ya lile vazi, meupe kama limepakwa unga. Nikaomba radhi. Nikatundika shuka mlangoni. Kesho yake akaja na mawili. Nikalowanisha shuka, nikaziba madirisha kwa maboksi, tukawa tunafanya kazi kwenye joto la kupika mtu, na vumbi likapita juu, kwenye matundu ya ukuta. Dada akawa ananitazama tu, na brashi yake mkononi. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote.

Siku mteja alipomrudishia baibui la harusi, yule mama hakuja kulalamika. Aliniwekea rundo zima mapajani.

“Kaa utoe, mwanangu,” akasema. “Na mimi nakaa hapa nikuone.”

Nikatoa unyuzi mmoja mmoja kwa kucha, mpaka adhana ya adhuhuri. Nilipotaka kuinuka akaniambia bado mikono ya mabaibui. Nilitamani kulia kwa hasira, na sikujua nimkasirikie nani, maana hakuwa amekosea.

Mashine sasa iko Magomeni, uani kwa shangazi, nayo huwashwa upepo ukitulia. Shangazi analalamika kuhusu nguo zake alizoanika kambani. Kila asubuhi nabeba mafurushi ya pamba iliyochanwa hadi Kariakoo, jasho likinitiririka, na dada akiyapokea husema brashi hazikuwa na safari zote hizi. Mimi naketi nisokote. Viganja vyangu vinakunjika.